Tembe, Soko na Kalamu ya Msanifu Majengo

Mtu apitaye Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, huiona historia ya makazi yetu ikiwa imejipanga kando ya njia. Hapa pana tembe la zamani, fupi, lenye paa bapa la udongo. Pale pana nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati. Waulize wanafunzi ni ipi iliyo nyumba bora, nao wataielekea ile ya bati. Hatuwalaumu. Lakini tungependa waulizwe na swali la pili: ni bora kwa sababu gani, na kwa nani? Kwa swali hilo tunakusudia kuipima kazi ya wasanifu majengo.

Tuanze na tembe. Waliolijenga hawakuwa na karatasi wala rula, lakini walikuwa na mpango. Nchi hii ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, jua kali la mchana, na upepo na baridi ya usiku wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kuta zilikandikwa zikawa nene, na juu ya nguzo, boriti na fito likawekwa tabaka la udongo. Udongo hupokea joto polepole na kuliachia polepole; ndiyo maana ndani ya tembe mchana huwa baridi na usiku huwa vuguvugu. Ufupi wake huupisha upepo. Vyumba viliuzunguka ua, mifugo ikalala salama, na jamaa wa ukoo mmoja wakakaa pamoja. Huo ni usanifu kamili, ingawa hauna sahihi ya mtu.

Hata hivyo, mapenzi yasitupofushe. Tembe lina giza na moshi. Mvua ikizidi, paa huvuja. Mchwa hula nguzo, na kila ukarabati hudai miti mingine. Katika nyufa zake hukaa papasi, waletao homa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila haikutuamuru tulale na papasi.

Ndipo ikaja nyumba ya bati. Haivuji, hudumu, nayo humpa mwenyewe heshima. Lakini bati lililopigiliwa juu ya chumba kisicho na dari hukigeuza chumba hicho kuwa tanuri ifikapo saa saba mchana. Tumepata kukaa katika darasa la namna hiyo. Mvua iliponyesha, mwalimu aliweka chaki chini, maana hapana sauti ya binadamu iwezayo kushindana na mvua juu ya bati. Watoto walikaa kimya wakingoja wingu lipite, na somo likaishia hapo. Mwaka 1977, alipoyatazama matokeo ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilikosoa taifa kwa kuishabikia mno saruji na bati, akahimiza matofali ya kuchoma na vigae. Tofali tumelipokea, ingawa nalo hula kuni nyingi. Swali la joto na hewa tumeliacha mlangoni.

Je, yuko msanifu aliyeanza na swali hilo? Yuko, na kazi yake inajulikana kwa jina hata kwa mwanafunzi asiyepata kuiona: Soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu fani hiyo, aliyesoma Haifa, Israeli, kisha akafungua ofisi yake mwenyewe. Soko hilo lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, mithili ya miti iliyokunjua matawi. Mvua inyeshapo, maji huteremka kwa njia ya nguzo hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Pembeni hewa hupita, na mwuzaji hukaa kivulini. Bidhaa za jumla zilipangiwa sehemu ya chini, ambayo watu waliiita shimoni.

Tunalisifu jengo hili kwa sababu msanifu aliufikiria mti wa gulio, ambao chini yake Mwafrika ameuza na kununua tangu kale, akauliza mti huo hufanya kazi gani. Hakunakili sura ya msonge ili aonekane Mwafrika. Lakini haki ya mhakiki ni kusema pia kilichopungua. Biashara ya Kariakoo ilifurika ikalipita paa hilo, ikajaa mitaani. Julai 2021 moto uliliunguza soko, na Serikali ikaamua kulikarabati na kuongeza jengo jipya kando yake. Tena, miavuli ya zege hudai saruji nyingi na wahandisi. Kijiji hakiwezi kuiiga.

Kwa kijiji, mfano ulio karibu zaidi unatoka Burkina Faso. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, alisomea usanifu Ujerumani, kisha akawajengea watu wa kwao shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Matofali yake ni ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati lipo, lakini limeinuliwa mbali juu ya dari ya matofali, ili upepo upite katikati na kulichukua joto kabla halijawafikia watoto. Wanakijiji wenyewe walishiriki kujenga. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Tazama basi: hakulikataa bati wala hakuuabudu udongo, bali alikipa kila kitu kazi yake.

Hilo ndilo funzo tunalolitaka Kinyangiri. Ramani moja ya darasa haiwezi kufaa Tanga penye unyevunyevu na Mkalama penye ukame. Msanifu, awe wa kampuni au wa halmashauri, na akae kwanza na wazee waliojenga tembe, awaulize upepo hutoka wapi na maji huelekea wapi, ndipo ashike kalamu. Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi na kipimajoto ndani ya tembe na ndani ya nyumba ya bati, saa saba mchana na tena alfajiri, waandike wanachokiona. Fanyeni hivyo mapema, maana matembe yanaanguka mwaka hadi mwaka, na wazee wanaojua kwa nini boriti ililazwa vile nao wanapungua.