Kiyeyusho Ndicho Kinachoamua

Taja Sumbawanga mbele ya Mtanzania yeyote, na kitu cha kwanza kitakachomjia akilini ni waganga. Sifa hiyo imelifunika swali ambalo kwangu ni zito zaidi: mzizi unaochemshwa kwenye chungu huku uwandani Ufipa una nini ndani yake kinachoweza kuua bakteria, na kitu hicho hujulikanaje?

Tuuchukue mmea mmoja, Toddalia asiatica. Ni mtambaazi wa miiba, wa ukoo mmoja na michungwa na milimau. Majani yake hukaa matatumatatu, na ukiyafikicha yananukia ndimu. Hupatikana sana katika misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, yenye ubaridi kama wa Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga. Wachina nao hutumia mzizi wake kwa majeraha na maumivu ya viungo. Mwaka 2018 wataalamu wa mimea walipendekeza uhamishiwe kwenye jenasi ya Zanthoxylum, ulimo mjafari wetu na pia Zanthoxylum nitidum, ambao huko China hutiwa mpaka kwenye dawa ya meno. Undugu huo unaonekana hata kwenye kemia: katika mizizi ya mimea hii zimo alkaloidi za jamii moja, zikiwemo keleritrini na nitidini.

Nitidini ya Toddalia ilifuatiliwa nchini Kenya, ambako Wapokot hutumia mmea huu kutibu homa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1995 walitoa alkaloidi, wakazigawa mafungu, wakalijaribu kila fungu kwa vimelea vya malaria, kisha wakaendelea kuligawa lile lililofanya kazi. Mafungu yenye alkaloidi za jamii hiyohiyo lakini yasiyo na nitidini yalikuwa dhaifu. Njia hii ni ya polepole na ya gharama, lakini ndiyo inayotenganisha dawa na sifa ya dawa.

Kwa upande wa bakteria, kazi inayofundisha zaidi ni ya Duraipandiyan na Ignacimuthu wa Chennai, India, ya mwaka 2009. Wao walichukua majani. Waliyaloweka katika viyeyusho mbalimbali, na kilichotoa matokeo mazuri kilikuwa ethili asetati, ambamo walipata flindersini. Ilizuia Staphylococcus aureus kwa maikrogramu 62.5 kwa mililita, lakini Pseudomonas aeruginosa ilihitaji 250. Tofauti hiyo haishangazi: Pseudomonas ana utando wa nje unaozuia vitu vingi kupenya, na pampu za kuvitema vile vilivyopenya.

Basi mmea mmoja umetupa majibu mawili. Mzizi ulitoa nitidini, jani likatoa flindersini, na kila mara kiyeyusho kilichangia kuamua nini kitoke. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Keleritrini ina maumbo mawili. Penye asidi huwa na chaji chanya, ina rangi ya njano na huyeyuka katika maji. Ukiongeza besi, hupokea hidroksidi, hupoteza chaji na rangi, na huhamia kwenye viyeyusho vya mafuta kama klorofomu. Mkemia huitumia tabia hiyo kuitenga. Lakini tabia hiyohiyo ni mtego, kwa sababu molekuli hii hushikana kwa urahisi na kiyeyusho chenyewe. Tumia asetoni, na unaweza kutoka na asetonili-dihidrokeleritrini. Tumia metanoli penye amonia, unapata umbo lenye kipande cha metanoli. Misombo ya aina hiyo imeripotiwa mara nyingi kutoka mimea ya jamii hii, na ipo sababu nzuri ya kushuku kwamba mingi ilizaliwa kwenye chupa ya maabara. Mganga hakuwahi kumpa mgonjwa kitu hicho.

Kupima nako kuna utata wake. Kile kisahani cha agari chenye duara safi kuzunguka kikaratasi cha dawa hupendeza kwenye picha, ila molekuli isiyosambaa vizuri kwenye agari itaacha duara dogo hata ikiwa kali. Kuzimua hatua kwa hatua, mpaka upate kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, ndiko kipimo cha kuaminika. Watafiti wa Antwerp, ambao Sheila Maregesi wa Muhimbili alishirikiana nao kuchunguza mimea ya Bunda, walishauri mwaka 2006 kwamba dondoo ghafi la mmea linalohitaji zaidi ya maikrogramu 100 kwa mililita lisihesabiwe kuwa na nguvu ya maana. Nakubaliana nao kabisa. Matokeo ya miligramu kadhaa kwa mililita hayastahili kichwa cha habari.

Tena kuua bakteria peke yake hakutoshi: keleritrini na nitidini hujipachika kwenye DNA, na hazichagui sana kati ya DNA ya bakteria na yetu.

Kwa hiyo jaribio ambalo ningependa lifanyike na mizizi ya Ufipa ni hili: mtafiti akae na mganga, apime uzito wa mzizi, maji na muda wa kuchemsha vilevile vinavyotumika nyumbani, akaushe mchemsho huo kwa baridi bila kugusa metanoli wala asetoni, kisha aujaribu kwa kuzimua dhidi ya bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa wa Rukwa wenyewe, na siku hiyohiyo aujaribu kwa seli za binadamu.