Masikio ya Sea Tiger

Nyambizi ikishazama haina dirisha. Nahodha anayo periskopu, lakini akiitokeza juu ya maji kwa muda mrefu, adui humwona. Ndiyo maana katika We Dive at Dawn, filamu ya Uingereza ya mwaka 1943, mtu ninayemtazama kuliko wote ni Hobson, baharia wa kusikiliza. Eric Portman anamwigiza akiwa na vipokea sauti masikioni, uso umenuna, akipambanua mvumo wa rafadha za meli zinazopita huko nje. Nyumbani ndoa yake inayumba. Kazini hayumbi.

Mwongozaji Anthony Asquith anajua kwamba ufundi ukionyeshwa kwa utulivu unatosha kumkausha mtu koo. Nyambizi yao, Sea Tiger, inaifukuzia manowari ya Kijerumani, Brandenburg, hadi Bahari ya Baltiki. John Mills, anayeigiza kapteni wake, anachungulia kidogo, anataja upande na umbali, kisha periskopu inashuka. Wenzake wanapiga hesabu haraka, kwani topido hailengwi pale meli ilipo. Hulengwa pale itakapokuwa. Amri ikitolewa, aliyeipokea huirudia kwa sauti ndipo aitekeleze. Hakuna anayepayuka, hata mabomu ya adui yanapoanza kulipuka majini na chombo kutikisika. Kabla ya kuigiza, Mills alisafiri ndani ya nyambizi halisi katika mto Clyde, na nadhani ndiyo sababu mikono yake haibabaiki.

Hila yao ya kujinusuru ni ya kikatili: wanatema mafuta, takataka na maiti ya mateka wa Kijerumani waliyekuwa naye ndani, ili walio juu waamini nyambizi imekwisha.

Baada ya hapo filamu inalegea. Mafuta yamepungua, na Hobson, anayejua Kijerumani, anavaa sare ya adui na kwenda kuyatafuta katika bandari ya Denmark. Vita ilikuwa bado inapiganwa na watazamaji walihitaji kutiwa moyo, sawa. Mimi ningebaki chini ya maji na wale wapiga hesabu.

Anayetaka kushangilia meli ikididimia atafute filamu nyingine. Hawa walifyatua topido zao wakazama zaidi kujificha, na habari kwamba Brandenburg imekwenda chini waliipata wakiwa wamesharudi kwao.