Namna ya Kupima Ubora wa Visobadilika katika Msimbo wa Kati

Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha kama C au Rust kuwa amri za mashine, haifanyi kazi hiyo kwa mkupuo mmoja. Kwanza huyaandika upya maandishi hayo katika lugha yake ya ndani, iitwayo msimbo wa kati, na humo ndimo maboresho mengi hufanyika kabla amri za mwisho hazijatolewa. Kila thamani inayojulikana kabla programu haijaendeshwa, iwe ni 7, ni 0.1 au ni anwani ya jedwali, huingia katika msimbo huo ikiwa kisobadilika. Wajenzi wengi hulimaliza jambo hili upesi kwa kuhifadhi kila namba katika biti 64 za kompyuta wanayofanyia kazi, kisha wakaendelea na mambo wanayoyaona kuwa mazito. Mjuzi anayekagua kompaila ngeni huanzia hapohapo walipopaharakisha, akiwa na kigezo kimoja: kisobadilika bora hubeba kila kinachojulikana kukihusu, wala hakidai kujua zaidi ya hapo.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni upana, yaani idadi ya biti ambazo thamani inakalia. Katika RTL, ambao ni msimbo wa kati wa ngazi ya chini wa kompaila ya GCC, namba kamili huandikwa kwa umbo liitwalo const_int, na umbo hilo halina upana wake lenyewe. Anayelisoma hulazimika kuutafuta kwenye amri inayolizunguka, mfano wa jiwe la mizani ambalo halikuchongwa uzito wake. Kwa kuwa kanuni inataka biti ya ishara irudiwe hadi mwisho wa nafasi ya kuhifadhia, 255 ya biti 8 haina budi kuandikwa -1, na mwandishi wa hatua mpya ya uboreshaji akisahau kanuni hiyo, thamani mbili zilizo sawa huonekana tofauti bila kompaila kulalamika. Namba zilizozidi nafasi hiyo zilihifadhiwa kwa miaka mingi ndani ya const_double, umbo lililokusudiwa namba za desimali, hadi toleo la 5 la mwaka 2015 lilipoleta hesabu za upana wowote. Ni haki kusema kwamba ubanaji huo ulikuwa na maana zama ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali. Hata hivyo, kazi iliyookolewa kwenye kumbukumbu ilihamishiwa kwa kila programa aliyekuja baadaye.

LLVM, mradi wa kompaila ulioanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, ulishika njia nyingine. Namba kamili humo hubeba upana wake pamoja na biti zake, ziwe 1, 8 au 128, na hesabu zake hufanywa na maktaba ya kompaila yenyewe, wala hazitegemei kompyuta inayoiendesha. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2007, aina za namba kamili katika msimbo huo hazina ishara: biti nane zote zikiwa 1 si 255 wala si -1, bali ni biti nane tu, na suala la uhasi limeachiwa amri, kiasi kwamba kuna amri ya kugawanya namba zenye ishara na nyingine ya kugawanya zisizo nayo. Huo ni uamuzi wa kupongezwa, kwa sababu ishara kwa hakika si sifa ya biti, na kisobadilika kilichoacha kudai kwamba kinaijua kimepunguziwa uwongo mmoja.

Mkaguzi asiyetaka kusoma maelfu ya mistari anaweza kuipima kompaila kwa maswali mawili. Kwanza, 200 jumlisha 100 katika biti 8 zisizo na ishara lazima ilete 44, si 300. Pili, namba ndogo kuliko zote ya biti 64 zenye ishara igawanywe kwa -1: jibu halitoshei katika upana huo, na kompaila inayoikokotoa hesabu hiyo mapema kwa kutumia mgawanyo wa mashine ya x86 hukatizwa na prosesa na kufa yenyewe, hata kama tawi lenye hesabu hiyo lisingefikiwa kamwe na programu. LLVM yenyewe haikuwa safi upande huu. Iliruhusu mgawanyo uandikwe kama usemi thabiti, hivyo kitu kilichoitwa kisobadilika kikawa na uwezo wa kuangusha programu, na semi hizo za mgawanyo ziliondolewa katika toleo la 15 la mwaka 2022.

Kwenye namba za nukta inayoelea, yaani zile zinazowakilisha desimali kwa tarakimu chache zenye kipeo, ndiko uhodari na ubabaishaji hutenganika kabisa. Thamani 0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa mbili, kama vile theluthi isivyoisha katika mfumo wa kumi. Kwa hiyo kisobadilika hakipaswi kuhifadhi maandishi 0.1, bali biti zile hasa zilizopatikana baada ya kukadiria. Maandishi ya msimbo wa LLVM yana ukali unaofaa kuigwa: katika aina ya biti 32 hukubali 1.25, ambayo ina umbo kamili, lakini hukataa 0.1 na kumtaka mwandishi atoe biti zenyewe katika mfumo wa kumi na sita, yaani 0x3FB99999A0000000. Wageni hukereka wanapokutana na mfululizo huo, ambao hata ni umbo la biti 64 la thamani ya biti 32, lakini kero hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba msimbo uliochapwa na kusomwa tena haupotezi hata biti moja.

Usomaji wa tarakimu za mfumo wa kumi nao una mitego yake. Mwanzoni mwa 2011 ilibainika kwamba javac, kompaila ya Java, ilikuwa ikizunguka bila kikomo ilipokutana na 2.2250738585072012e-308, thamani iliyo kwenye mpaka wa namba ndogo kabisa za kawaida, kwa sababu hatua ya kusahihisha makadirio iliyumba kati ya namba mbili jirani isiweze kuamua.

Tena kuna sifuri hasi. Kwa kanuni za IEEE 754, kiwango cha namba za nukta inayoelea, sifuri chanya na sifuri hasi ni sawa zikilinganishwa, ilhali 1 ikigawanywa kwa kila moja huleta majibu mawili yaliyo mbali kabisa, ukomo chanya na ukomo hasi. Kompaila inayounganisha visobadilika vinavyofanana kwa kulinganisha thamani badala ya biti itaimeza mojawapo. Kinyume chake ni NaN, alama ya jibu lisilo namba, ambayo haiwi sawa hata na yenyewe, na kwa sababu hiyo jedwali linalotafuta kwa thamani haliioni kamwe, likaendelea kuongeza nakala mpya kila inapoombwa.

Kuhusu ushirikiano wa nakala, wajuzi hawakubaliani. LLVM huweka nakala moja tu ya kila kisobadilika, kwa hiyo kulinganisha viwili ni kulinganisha anwani zao tu. Lakini kisobadilika kinachotumiwa na vitendaji vingi, kikiwa pia kinaweka orodha ya watumiaji wake wote, huzuia vitendaji hivyo kushughulikiwa kwa wakati mmoja na viini tofauti vya prosesa. MLIR, mfumo wa msimbo wa kati ulioanzia Google kabla ya kuingizwa katika mradi wa LLVM, iliifanya kila thamani thabiti kuwa amri ndani ya kitendaji chake, ikikubali marudio ili ipate uhuru. Kwa kompaila inayoanza leo, njia hiyo ya pili ndiyo yenye busara zaidi.

Anwani za vitu vya programu ni visobadilika vya namna ya pekee: hazibadiliki, lakini kompaila haizijui, kwa kuwa hupangwa baadaye na kiunganishaji, programu inayounga vipande vilivyokwisha kugeuzwa. Uwakilishi mzuri huzihifadhi kama jina pamoja na umbali kutoka kwenye jina hilo, na hukataa kukokotoa chochote kinachohitaji thamani yenyewe. Majedwali makubwa nayo yanatosha kutazamwa kwa jicho moja tu: picha ya baiti milioni moja ikihifadhiwa kwa kielekezi kimoja kwa kila baiti, inakula baiti milioni nane za vielekezi peke yake, ndiyo maana mwaka 2012 LLVM iliongeza umbo la kuhifadhi data hizo zikiwa zimepangwa bega kwa bega.

Kipimo cha mwisho ni jinsi thamani inavyokabidhiwa mashine. Amri ya kujumlisha ya prosesa za RISC-V hubeba namba kuanzia -2048 hadi 2047 tu. Hivyo 4095 hupatikana kwa kupakia 4096 kwanza, kisha kujumlisha -1. Mgawanyo huo ukifanywa mapema ndani ya msimbo wa kati, hatua nyingine ya uboreshaji, ikiona hesabu iliyo wazi, huikokotoa na kuirudisha 4095, na hatua mbili zikaanza kutenguliana kazi. Kwa hiyo thamani nzima iachwe nzima hadi hatua ya kutoa amri za mashine. Kuna sababu halali ya kukiuka kanuni hiyo: namba kubwa inayotumika mara nyingi hufaa kupakiwa mara moja tu kwenye rejista. Ndiyo maana msomaji wa msimbo wa LLVM anayekuta amri ya bitcast kutoka i64, yaani namba kamili ya biti 64, kwenda i64, amri isiyobadilisha hata biti moja, asiifute kwa kudhani ni uzembe; imewekwa makusudi na hatua ya kupandisha visobadilika, ili hatua inayofuata isiitambue namba iliyofichwa nyuma yake na kuisambaza upya.