Kupima Ubora wa Makao ya Wazee Kisumu

Ubora wa makao ya wazee huonekana kwanza kwenye mwili wa mzee anayeishi humo. Jengo, bustani na upepo wa ziwa huja baadaye. Kisumu, wazee wengi bado hutunzwa nyumbani na watoto, wakaza wana au msaidizi aliyeajiriwa, na kwa wengi kumpeleka mzazi kwenye makao ni aibu. Ndiyo maana familia inayobisha hodi huwa imechoka tayari: mzee amepata kiharusi, ametoka kulazwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia, na watoto wako Nairobi au ng'ambo. Aliyechoka huridhika upesi na vigae vinavyong'aa.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian alieleza kwamba huduma ya afya hupimwa kwa mambo matatu: watu na vifaa vilivyopo, namna kazi inavyofanywa, na hali ya mgonjwa baada ya kazi hiyo. Mgeni hutembezwa kuonyeshwa la kwanza. Anayejua kupima huanzia la tatu, kisha hurudi nyuma kuuliza limetokana na nini.

Hapo ngozi ndiyo shahidi mkuu. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kitandani pale mfupa unapokandamiza godoro: kwenye kiuno juu ya makalio, nyonga na visigino. Vitabu vingi vya uuguzi vimefundisha kwamba dalili ya mwanzo ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mhudumu hodari hutumia mkono. Hupapasa kisigino akilinganisha na cha pili, akitafuta joto lisilo la kawaida, ugumu au ulaini kama wa tunda lililoanza kuiva, au doa jeusi kuliko ngozi ya pembeni. Mhudumu akiombwa aeleze anavyokagua ngozi, jibu lake latosha kuonyesha kama anaijua kazi. Saa za kumgeuza mzee ziwe zimeandikwa, na za usiku pia. Daftari ambalo wiki nzima limejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila saa hata moja kukosewa, linatia shaka.

Kinywaji ni kipimo kingine. Uzee hupunguza kiu, na joto la mchana Kisumu hukausha mwili kabla mzee hajaomba maji. Kikombe kiwe mahali mkono wake unapofika, nao wahudumu wapite wakimnywesha. Maji yenyewe yawe yamechemshwa au kutiwa klorini, maana kipindupindu si kigeni kandokando ya ziwa. Wakati wa chakula, aliyepooza upande mmoja alishwe akiwa ameketi wima, kijiko baada ya kijiko, samaki akiwa ametolewa miiba yote. Asilazwe mara tu baada ya kula. Chakula kinachopalia huweza kuishia kwenye mapafu, na nimonia inayofuata huua.

Ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye malaria nyingi zaidi, kwa hiyo neti hukaguliwa kwa macho: je, imetoboka? Huchomekwa chini ya godoro jioni? Jambo zito zaidi ni hili. Mzee anaweza kuugua malaria au maambukizi ya mkojo bila homa kali. Huanza tu kuchanganyikiwa, kusinzia au kukataa uji. Makao mazuri humpima siku hiyo hiyo; mabaya husema ni uzee.

Usalama usigeuke kifungo. Anayetangatanga kwa ugonjwa wa kusahau huhitaji sakafu kavu, vishikio chooni, viatu visivyoteleza na taa ya akiba stima ikipotea. Kumfunga kitini kwa leso au kumlewesha kwa dawa za usingizi ni dhuluma. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1987 ilipiga marufuku kuwafunga wakaazi kwa ajili ya kuwarahisishia wahudumu kazi, na Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa hadhi bila kudhulumiwa.

Lugha nayo ni sehemu ya matibabu. Ubongo unapodhoofika, lugha alizojifunza mtu ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea, na mama Mjaluo aliyefundisha kwa Kiingereza maisha yake yote huenda akabaki na Dholuo pekee. Zamu isiyo na mtu anayeielewa haiwezi kujua anapoumwa. Anayemwita dani, yaani bibi, au nyar Seme, binti wa Seme, amekwisha kumtuliza kabla ya kumgusa.

Karatasi zikaguliwe mwisho, lakini zikaguliwe: leseni ya muuguzi kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya, daftari la dawa, idadi ya wahudumu wa usiku. Kisha familia irudi bila taarifa, Jumapili jioni, imtazame mkaazi asiyeweza kusema na asiye na wageni. Hali yake ndiyo kiwango halisi cha makao hayo. Makao yanayokataa ziara kama hiyo hayafai kukabidhiwa mzazi.