Fundi wa Kweli Huanza na Waya

Juzi gatini Nyamisati, abiria wa Mafia waliokuwa wakingoja boti walimzunguka kijana mmoja anayebadilisha sistimu chaji, yaani matundu ya kuchajia simu. "Huyu ndiye fundi!" Kisa? Lehemu yake inang'aa. Sifa za namna hii zinanichosha.

Lehemu iliyofura kama chunusi ni mbovu, ing'ae isiing'ae. Nzuri hulala, ikashuka taratibu hadi kwenye bodi. Tena tazama miguu ya pembeni ya tundu, maana ndiyo inayobeba mivuto yote. Mlaghai haigusi. Anachomea pini tano, simu inaonyesha inaingiza, unalipa. Ukishuka Kilindoni, kule Mafia, tundu linacheza.

Lakini kabla hata ya kufungua simu, kuna jambo ambalo asiyejua halioni kamwe: waya. Yeye hulaumu tundu tu. Walioleta maikro USB mwaka 2007 waliziweka springi kwenye kichwa cha waya kwa makusudi, ili kichakae kile cha bei rahisi, simu ipone. Geuza kichwa hicho, utaona vindoano viwili upande mmoja. Vibonyeze kwa ukucha. Vikiinuka vyenyewe, waya ungali hai. Vikibaki vimezama, hata uwekewe tundu jipya, utaendelea kuipanga simu kwa kijiti ndipo ichaji. Maikro halisi iliundwa kuhimili kuchomekwa mara 10,000. Hizi za buku mbili hazifiki popote.

Fundi mmoja mzee wa Kibiti, sasa marehemu, alikuwa akipokea simu anauliza, "Waya wako uko wapi?" Hukuja nao, unarudi nyumbani. Watu wakasema anaringa. Ukija nao, kwanza alichomeka waya mzima wa kwake, akainua simu ikaning'inia. Isipodondoka, tundu ni zima na mbovu ni waya wako: anakurudishia simu bila kuchukua senti. Jirani yake alipuliza vumbi tu, kisha akakuonyesha tundu bovu la simu nyingine na kudai limetoka kwako. Huyo ndiye aliyekuwa na foleni.

Huku delta ya Rufiji kuna pia chumvi ya hewani. Pini zikiota ukijani, ni spiriti na mswaki laini. Anayekwangua kwa wembe anaondoa na ule utando wa dhahabu unaozuia kutu.

Fundi anayefungulia redio kwa sauti kubwa hafai. Kichwa kizima kina mlio kikiingia, na lazima ausikie.

Fundi akishika bisibisi kabla hajauliza waya, chukua simu yako uondoke.