Ucheshi na Arudhi katika Ushairi wa Watoto

Tangu K. Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, kanuni za vina na mizani zimekuwa bayana. Hata hivyo, mwanafunzi anayezijua kwa kuhesabu vidole tu hajausikia ushairi. Shairi cheshi la watoto laweza kuiziba kasoro hii.

Chukuliwe ubeti ambao mshororo wake wa kwanza unaishia kwa neno 'harusi', na wa pili ukamtaja bwana harusi kuwa ni 'fisi'. Kicheko huzuka pale pale kina kinapotimia. Mwalimu akiweka 'chui' mahali pa 'fisi', idadi ya mizani haibadiliki, lakini kina hupotea na kicheko hufifia. Akiweka 'simbamarara', mizani nayo huzidi kwa 3. Darasa husikia dosari kabla ya kuelezwa.

Wapo watakaodai kuwa mzaha huishushia hadhi sanaa hii. Dai hilo halina mashiko, kwani ucheshi hapa si pambo bali hutegemea arudhi yenyewe. Hatari iliyopo ni mwalimu kutosheka na kicheko bila kuhoji kimezalishwa na nini. Hapo somo hugeuka burudani tupu.