Waya Hupimwa Ukiwa Kazini

Feni ya AC ikinyamaza Dar es Salaam mwezi wa Januari, gari likiwa limeganda kwenye foleni, mwenye gari hutoa hukumu papo hapo: gesi imekwisha, au mota imekufa. Gesi haizungushi feni, lakini nani wa kumwambia mtu anayetokwa jasho? Anakwenda kununua mota ya mtumba, anafungiwa, na feni inabaki kimya vilevile.

Ninaowasifu hapa ni mafundi umeme wa magari, wa Gerezani na wa chini ya miembe mitaani, hasa wale wanaouliza kabla ya kushika bisibisi. "Inapuliza namba ngapi?" Kwenye magari mengi ya Kijapani yenye swichi ya kuzungusha, feni ikigoma namba moja hadi tatu kisha ikavuma namba nne, mota ni nzima na fyuzi ni nzima. Iliyoungua ni rezista, inayopunguza moto kwa spidi za chini. Namba ya juu huiruka ikaenda kwenye mota moja kwa moja. Fundi ameyajua hayo hata skrubu moja haijafunguliwa. Na akiwa fundi kweli, ataangalia pia filta. Rezista hukaa ndani ya njia ya hewa ili ipozwe na upepo wa feni yenyewe. Filta ikijaa vumbi, upepo hupungua, na rezista hubabuka. Asiyeuliza imeunguaje atakuuzia nyingine muda si mrefu.

Ufundi wenyewe huonekana feni ikiwa imekufa namba zote. Mwanagenzi huchomoa soketi ya mota, anaweka mita, anaona volti 12, anatangaza kwamba moto upo. Upo, lakini hauna nguvu. Mita karibu haivuti kitu chochote, kwa hiyo hata waya uliooza hadi kubaki na unyuzi mmoja utaonyesha volti zote. Mkongwe huirudisha soketi, anawasha feni, ndipo anapima. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa ohm 0.2 tu, na mota ikavuta ampea 15, volti 3 zinapotelea hapo hapo, na wati 45 za joto zinaipika plastiki ya soketi mpaka iwe kahawia. Georg Ohm aliichapisha kanuni ya hesabu hiyo ya volti mwaka 1827. Wengi wa mafundi hawa hawakuikuta darasani. Wameikuta kwenye taa ya kupimia, balbu yenye waya na sindano, ambayo huweza kufifia pale mita inapodanganya. (Taa hiyo isisogezwe kwenye nyaya za kompyuta wala za eabegi.)

Halafu kuna ethi, ambayo wengi huisahau kwa sababu haina fyuzi. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya hasi wa mota, feni ikiwa imewashwa: namba ikisogea mbali na sifuri, ugonjwa uko upande wa kurudi. Mara nyingi ni bolti moja kwenye bodi, iliyoliwa na kutu. Msasa, spana, kwisha.

Simsifu anayefunga fyuzi kwa foili ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue; ukiinyima kazi hiyo, moto utajitafutia mahali pengine pa kuunguza, pengine chini ya kapeti.

Kwa relei, jaribio ni la bei rahisi na linanifurahisha kuliko yote. Fundi huchomoa ya feni, anapachika ya honi, mradi ziwe za aina moja. Feni ikivuma na honi ikawa bubu, kesi imekwisha. Kinachobaki ni kumwambia mwenye gari, kama maduka yamefungwa, achague kimoja hadi kesho, na sijamwona dereva wa Dar aliyekubali kuondoka bila honi.